Mvua Ikiwakuta Ziwani: Mwongozo Kamili wa Kuisubiri Rutamba, Kitere na Kwingineko Kusini

Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Huanza Novemba, ukichelewa Desemba, ukaenda mpaka Aprili. Miaka mingine Mei inaingia bado kunanyesha. Katikati, aghalabu Januari au Februari, mvua hupumzika kidogo na watu wakadhani imekwisha. Huo pia ndio msimu ambao kambale hupanda kwenye maji mapya ya kingoni kutaga mayai, na ndio msimu ambao marafiki hupigiana simu: twendeni ziwa Rutamba kule Lindi, twendeni ziwa Kitere kule Mtwara. Anayetaka kuvua siku zisizo na wingu na angoje Juni. Mwongozo huu ni wa wasiotaka kungoja Juni.

Nawasemesha ninyi mlio wanne au watano, wenye mishipi na ndoano, mnaokwenda kulala usiku mmoja au miwili kando ya ziwa. Mvuvi wa pale hahitaji kuelezwa. Mgeni haponzwi sana na mvua yenyewe, huponzwa na haraka yake: kesho ana kazi, bodaboda ameshalipwa, nyumbani wanapiga simu kuuliza mko wapi. Karibu kila nitakachosema hapa ni namna ya kuiondoa haraka hiyo mapema, wingu likiwa bado halijaonekana.

1. Someni hali ya hewa ya siku tatu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri kila siku. Mvua au upepo mkali ukitarajiwa, hutoa taarifa ya ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Wao wakisema mvua kubwa wana maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Mkoa wenu ukitajwa kwenye angalizo, nendeni mkitaka, ila bebeni chakula cha siku moja ya ziada. Ikiwa tahadhari, ahirisheni, ziwa halihami. Nyekundu haina mjadala.

Asiwepo wa kusema kimbunga ni mambo ya baharini, sisi tuko ziwani. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, wakazi wa Mtwara nao walitakiwa kuondoka maeneo ya hatari. Hidaya ilifika pwani yetu karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam huko Kilwa, wasafiri wakakwama. Angalieni tarehe hizo: mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati wengi wanajiambia msimu umeshapita.

Halafu pigeni simu kwa mtu wa kulekule. "Shikamoo mzee. Huko mvua zikoje? Maji yamepanda? Gari linapita?" Utabiri ni wa mkoa mzima, lakini yeye anaujua mtaro wa mbele ya nyumba yake. Mkiwa hamna mwenyeji, tafuteni kwanza mwenyeji ndipo mtafute chambo.

2. Makubaliano ya kabla ya safari

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto kati ya watu wazima wanaojuana. Msiiruke. Kaeni pamoja, mkubaliane mambo manne.

La kwanza, nani mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa. Awe mmoja, na asiwe lazima mwenye gari wala aliyechangia zaidi. Mchagueni yule asiyeona aibu kuitwa mwoga. Akisema tokeni majini, watu wanatoka majini, na ubishi unafanyika nchi kavu.

La pili, saa ya mwisho ya kuondoka. Mathalani mkiwa bado hamjafunga mizigo saa tisa alasiri, basi mnalala. Barabara za udongo za huku zikilowa huteleza vibaya, na giza likiingia huwezi kujua dimbwi lina kina gani. Mkiwa mmeshakubaliana saa, hakuna atakayesema saa kumi na moja kwamba "tukikaza tunafika".

La tatu, watu wa nyumbani. Kila mmoja aage kwa maneno yaleyale: tunarudi Jumapili, mvua ikishika tunarudi Jumatatu, mtandao ukikosekana msiogope mpaka Jumatatu jioni. Mwenye kazi ya Jumatatu amtaarifu bosi wake Ijumaa, au asije. Nasema hivi bila kuuma maneno, kwa sababu mtu mmoja mwenye kikao asubuhi anatosha kuwasukuma wanne wengine kwenye mto uliofurika.

La nne, hakuna anayeondoka peke yake. Mnakaa wote au mnaondoka wote, isipokuwa kuna mgonjwa, na mgonjwa husindikizwa.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahitaji leseni, kwa hiyo muulizeni afisa uvuvi au kikundi cha BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi) cha eneo husika utaratibu wa wageni ukoje. Chandarua cha kujikinga na mbu hakigeuzwi wavu wa kuvulia.

3. Mzigo wa kusubiria

Fungasheni mizigo miwili: wa kuvulia na wa kusubiria. Wa pili haufunguliwi kwa hamu, unafunguliwa mvua ikishika.

Turubai kubwa moja na kamba ya kutosha hushinda mahema madogo matatu, kwa kuwa chini ya turubai mtakaa pamoja na kupika. Ongezeni jembe dogo la kuchimbia mfereji, panga, tochi mbili, na pawabenki iliyojaa. Kiberiti kitieni kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu ndani ya ndoo yenye mfuniko, na seti hiyo isivaliwe mpaka wakati wa kulala. Mtu aliyelowa akakaa kwenye upepo hupata baridi ya kutetemeka hata huku kwetu kwenye joto.

Chakula kiwe kile kisichooza na kinacholika hata moto ukigoma: korosho, karanga, ming'oko iliyochemshwa kama ipo sokoni, maembe ikiwa ni msimu. Kisha sembe au unga wa muhogo, dagaa, chumvi nyingi kuliko mnavyodhani, sukari, tangawizi na majani ya chai. Maji ya kunywa bebeni kwenye madumu. Ya ziada mtayachemsha mpaka yatokote sawasawa. Msihesabu samaki kama chakula. Mkipata, heri.

Dawa: anayetumia dawa za kila siku abebe za siku tatu za ziada. Sanduku la huduma ya kwanza, chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, na chandarua kwa kila wawili. Kwa watakaopanda mtumbwi, jaketi okozi kwa kila kichwa. Anayejua kuogelea naye avae. Maji ya dhoruba hayaulizi.

4. Pa kuweka kambi

Kambi nzuri ya kuvulia na kambi nzuri ya kusubiria mvua huwa ni sehemu mbili tofauti. Chagueni ya pili, mtembee kidogo kwenda kwenye samaki.

Tazameni vichaka vya kingoni. Mkiona majani makavu, vijiti na takataka vimenasa kwenye matawi, maji yaliwahi kufika hapo. Pandeni juu zaidi, mahali penye mteremko mdogo wa kutolea maji. Msilale kwenye korongo hata kama ni kavu na lina mchanga laini wa kuvutia. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanaweza kuwafikia huku juu yenu pakiwa na nyota.

Msikae chini ya mnazi, kwa sababu ya nazi na makuti, wala chini ya mwembe mkubwa wenye matawi makavu. Tafuteni pia njia za viboko: hupanda kutoka majini usiku kula majani, na njia yao ni pana, imesuguliwa, yenye kinyesi kilichotapanywa pembeni. Kambi iliyoziba njia hiyo ni kambi iliyotafuta ugomvi. Kuhusu mamba, chukulieni kwamba wamo katika ziwa lolote la ukanda huu mpaka wenyeji wawaambie vingine. Hema liwe mbali na ukingo, na maji yasichotwe sehemu moja kila siku, wala gizani.

Turubai lifungeni upande wa upepo ukiwa chini, karibu ugusane na ardhi, na upande wa pili juu. Watu hupenda kulifunga juu pande zote ili kusimama vizuri. Upepo wa kwanza tu hulibeba. Chimbeni mfereji mapema, jua likiwa linawaka na mnaonekana wajinga.

Na kabla ya yote, pigeni hodi. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, mjitambulishe: sisi ni fulani, tumetoka Lindi mjini, tuko watano, tutalala pale. Bebeni kilo ya sukari kwa nyumba iliyo jirani na kambi yenu. Siyo rushwa, ni ustaarabu, na usiku upepo ukilichana turubai mtakuwa na mlango wa kubisha. Mkifunguliwa, wakubwa wa nyumba muwape shikamoo zao, mkae mnapoonyeshwa, msianze kudai chai.

5. Kutoka majini kwa wakati

Dalili hazifichi. Joto linabana tangu asubuhi, wingu linaumuka kwenda juu, chini yake panakuwa peusi. Halafu upepo wa baridi unakuja ghafla mahali palipokuwa kimya. Huo upepo ndio unaowapindua watu, kwa sababu hutangulia mvua, na aliyekuwa akingoja tone la kwanza huwa bado yuko katikati ya ziwa.

Kwa hiyo kanuni ni ngurumo, si mvua. Mkiona kimulimuli cha radi, hesabuni sekunde mpaka msikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Chini ya sekunde 30, yaani kilomita kumi hivi, tokeni majini na mjihifadhi. Mngurumo wa mwisho ukisikika, ngojeni dakika 30 kamili. Ukisikika mwingine katikati, hesabu inaanza upya.

Mtumbwi ukikutwa na mawimbi, kila mtu akae chini sakafuni, mizigo mizito katikati, na mwenye kafi auelekeze mtumbwi kwenye wimbi kwa mshazari, asiuache ulale ubavu. Elekeeni ukingo wowote ulio karibu. Wa kambini kwenu mtaufuata kwa miguu baadaye. Ukipinduka, shikilieni mtumbwi. Wa mbao haulali chini ya maji kirahisi, na anayeuacha ili aogelee ndiye asiyeonekana.

6. Radi

Pa kukimbilia ni viwili: nyumba ya kudumu yenye kuta na paa, au gari lenye bodi ya chuma na vioo vimefungwa. Kibanda cha makuti na turubai huzuia mvua, havizuii radi. Mti uliosimama peke yake usiukaribie. Kama hamna nyumba wala gari, tafuteni sehemu ya chini isiyotuamisha maji, kila mtu ajitenge na mwenzake hatua kumi na tano hivi, achuchumae miguu ikiwa imegusana. Msilale chini na msishikane mikono. Fimbo za kuvulia zilazeni mbali.

Mtu akipigwa, mshikeni bila hofu. Mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, anzeni mara moja kukandamiza kifua katikati kwa viganja viwili, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana. Mwingine apige 112 au 114 na kumkimbilia mwenyeji kutafuta usafiri. Waliopigwa na radi wengi hupona wakisaidiwa upesi.

7. Saa za kusubiri

Sasa mvua imeshika, mko chini ya turubai, hakuna anayekwenda popote. Anzeni na moto. Kuni zilizolowa huwa kavu ndani; pasueni gogo kwa panga mtumie moyo wake, mwanzo wa moto uwe vifuu na makumbi. Kuna mmoja atakayetaka kuwasha kwa maganda ya korosho kwa sababu yanawaka kama petroli. Mkatazeni. Mafuta yake huchubua ngozi, na moshi wake chini ya turubai utawatoa machozi na kuwawasha koo. Chakula hakichomwi juu yake.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema, gari au chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki kuilalamikia. Bora mtetemeke.

Pikeni chai ya tangawizi kwanza, hata kama hakuna mwenye njaa. Gaweni kazi ndogondogo: mmoja moto, mmoja mfereji, mmoja anaangalia usawa wa maji. Huyu wa mwisho achomeke kijiti ukingoni na kurudi kukitazama kila nusu saa akiwa na mwenzake. Maji yakikipita kijiti mara mbili mfululizo, hameni mchana, msingoje usiku.

Uraka, pombe ya mabibo, uacheni. Najua ni msimu wa mabibo, najua mzee wa jirani ameleta dumu kwa moyo mweupe. Shukuruni, wekeni. Pombe hulipoteza joto la mwili na kumfanya mwenye haraka awe shujaa.

Mchezo mzuri kuliko yote wa siku ya mvua hauhitaji mzigo. Chimbeni bao ardhini: safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Kete ni 64. Kama hamna komwe, korosho zenye maganda zinafaa, na hizo zikikosekana, kokoto. Kwa asiyejua, anzeni bao la kujifunza, kete mbili kila shimo. Wazee wa Lindi wanaweza kulicheza tangu adhuhuri hadi magharibi bila kuinua kichwa, na mkiwa na bahati mmoja atakuja kuwafundisha kwa matusi matamu. Ubishi wa Simba na Yanga nao hupoteza muda, na mkiwa na mtu wa Ruangwa atawaletea Namungo. Ukianza kuwa mkali, badilisheni mada. Watu waliobanana hawana pa kwenda kupoza hasira.

Anayenyamaza muda mrefu mwangalieni. Akitetemeka, akiongea kwa kukokota au kuangusha vitu, mbadilisheni nguo, mfunikeni, mpeni kitu cha moto chenye sukari.

8. Samaki mliokwisha kupata

Jua halipo, kwa hiyo kuanika hakuna. Perege na kambale wapasueni mapema, toeni matumbo, wasafisheni kwa maji safi, wapakeni chumvi, kisha wabanikeni juu ya moto mdogo wenye moshi mwingi chini ya ncha ya turubai. Kambale huvumilia moshi vizuri kwa sababu ya mafuta yake. Perege kuleni leo. Matumbo yafukieni mbali na kambi, msiyatupe ukingoni mkawaita mamba.

9. Mvua inapopungua

Hapa ndipo pa kuwa macho kuliko saa zote zilizopita. Manyunyu yamebaki, ndege wanalia, mtu amesimama anakunja mkeka. Maji ya vilimani bado yako njiani yanakuja. Mito hupanda baada ya mvua kukatika, si wakati inanyesha tu.

Ngojeni zile dakika 30. Kisha wawili waende kwa miguu kukagua njia mpaka kwenye kalavati au kivuko cha kwanza, bila mizigo. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima; 30 huanza kulinyanyua gari dogo; 60 hubeba magari mengi, na pikipiki haisubiri kufika huko. Kama sakafu ya daraja haionekani, hakuna daraja. Dereva wa bodaboda akisema anaijua njia, muulizeni ameipita leo saa ngapi.

Wenye hamu ya kurudi majini watajua kwamba kambale sasa wako kwenye majani ya kingoni, pale maji mapya yanapoingilia. Ni kweli. Mamba nao wanajua. Vueni mkiwa mmesimama juu, nyuma ya ukingo, kwa mshipi mrefu, na asiwepo wa kuingia maji hata ya magoti kuchomoa ndoano iliyonasa. Ikateni. Ndoano ni shilingi chache.

Kabla ya kuondoka, rudini kwa mwenyeji kuaga na kumwachia samaki. Mtaarifuni mwenyekiti kwamba mmeondoka, la sivyo maji yakipanda usiku kuna watu watatoka kwenda kuwatafuta.

10. Wiki zinazofuata

Homa ikimpata yeyote kati yenu kuanzia kama wiki moja baada ya safari, akapime malaria siku hiyohiyo, hata kama anadhani ni baridi ya mvua. Na aliyekanyaga maji ya ziwa kwa miguu mitupu, akiona damu kwenye mkojo au akiwashwa ngozi, amwambie mganga wa zahanati kwamba alikuwa ziwani, ili apimwe kichocho. Mwenye kundi la simu la safari asilifute kwa muda. Mmoja akiugua, wengine wajue wakapime.